Vibwekuvu wa Keko

Masika ya mwaka ule mbao zilikataa kukauka.
Tulizianika nje, jua likahamia upande wa Temeke;
tukaziingiza ndani, kuta nazo zilikuwa zinatoka jasho.
Kondo, mwenye karakana, akanusa ubao wa mninga,
akasema, "Humu mna watu."

Hakukosea.
Usiku, umeme ukikatika na randa zikinyamaza,
walitoka kwenye nyufa mmojammoja,
urefu wa kucha ya kidole gumba,
kofia zimelegea kama mkate uliolowekwa kwenye chai,
mguu mmoja tu,
na huo mmoja unawatosha kwa balaa lote.
Vibwekuvu.
Jina tuliwapa sisi. Wao hujiita Wenye Nyumba.

Usidhani wanauma. Wangekuwa wanauma
tungewapiga, tukalala.
Hawa hulamba inchi.
Hupanda juu ya futikamba, wakalamba inchi moja,
mara nyingi ya kumi na saba, sijui ina utamu gani;
asubuhi fundi unapima, unakata, unaunga,
mlango wa kabati unapishana na kabati lake
kama mtu na shemeji anayemdai.

Walikunywa gundi.
Walificha misumari yote yenye vichwa.
Walipiga chafya kwenye vanishi mbichi,
meza ya Mwalimu Mbwambo ikakauka na madoa
ambayo ukiyatazama sana
yanafanana na Mwalimu Mbwambo.

Mimi ndiye mpiga msasa.
Vumbi langu ndilo unga wao,
basi wakanihesabu wa kwao,
wakinitegea vitendawili nikiwa hoi:
"Hana meno, kala nyumba;
hana mbegu, kajipanda;
ukificha, hunenepa."
"Ni nyinyi," nikajibu.
"Umekosa. Tupe mji."
Nikawapa Kisarawe, wakaenda, wakala, wakarudi:
"Ni deni, Semeni. Deni!"
Wakacheka mpaka kofia zikapukutisha ukungu.

Kondo alikuwa na daftari, jalada jekundu,
jina langu limo mara tisa:
laki na nusu ya mazishi ya mama,
elfu thelathini ya sare za mtoto,
na nyingine ambazo hata yeye hakukumbuka ni za nini.
Siku ya mshahara akalifungua.
Kurasa zangu zilikuwa nyeupe, zimeota manyoya laini
kama kifaranga cha siku mbili.
Wino wote wameula.

Wangekuwa wema, wangeishia hapo.
Lakini walikula na ukurasa wa mishahara.
Nikabaki pale mlangoni, sidaiwi, sidai,
mwepesi kama pumba ya mbao, na njaa yangu.

Kondo akaleta mafuta ya taa na dawa ya mchwa.
Alipoinama kutafuta kiberiti
niligeuza kitanda cha binti wa Bi Siwatu, wa Mbagala,
kilichokuwa kinasubiri guta,
mguu wake wa nyuma una tundu la funza.
"Haya," nikasema.
Wakaingia wakisukumana, hawana hata salamu,
wa mwisho alikwama kwa kofia,
nikamsukuma kwa ncha ya penseli.
Nikaziba kwa gundi na vumbi la mbao.
Pale peke yake sikupiga msasa.

Miezi mitatu. Simu.
Bibi harusi mwenyewe, anong'ona:
"Dada, kitanda chenu kinacheka.
Saa nane za usiku, kinacheka kama mtu aliyetekenywa."
"Tuje tukichukue?"
Kimya. Nikasikia bomba linadondosha maji kwao.
"Mume wangu anadhani ninacheka mimi," akasema,
"na siku hizi naye anacheka.
Kiacheni."

Leo nimevuta futikamba hadi mwisho.
Inchi ya kumi na saba imerudi mahali pake.
Ina unyevunyevu.