Ghorofa ya Pili

Kila mkesha wa mwaka mpya, hapa Kutaisi,
Nanuli huitoa ile kanda kabatini,
huifuta vumbi kwa mkono wa sweta.
Afisa forodha na bata bukini wake.
Tuliijua kama jedwali la kuzidisha.

Mhudumu wa hoteli mwenye kigugumizi:
zamani alituvunja mbavu.
Jana kila mtu alitafuta kitu bakulini mwa karanga.
Mjomba Otari, ambaye kiharusi kilimfunga ulimi,
akasema, "Pe-peleka mbele,"
tukapeleka mbele.

Mke wa afisa hana jina. Sikuwahi kuliona hilo.
Anapigwa na mlango mara tatu, sahani mkononi,
na ya tatu ndiyo tuliyokuwa tukiirudisha nyuma
tuione tena.

Lakini bata!
Anaingia kwenye lifti peke yake.
Mlango unajifunga. Kamera inangoja, haina haraka.
Ghorofa ya pili.
Ya tatu.
Ya nne. Mlango unafunguka:
bata yuleyule, kavaa kofia ya mkurugenzi.
Imefikaje kichwani? Filamu haisemi,
na hapo ndipo penye utamu.

Tekle, binti yangu wa miaka tisa,
asiyejua forodha wala foleni ya siagi,
aliporomoka kutoka kochini hadi kwenye zulia.

Baba alikuwa akianza kucheka ghorofa ya pili,
anatumalizia uhondo. Tulimzomea miaka yote.
Jana lifti ilipofika ya pili
kiti chake kilikaa kimya.
Nikacheka mimi, mapema, peke yangu.

Tekle akanizomea.