Dunia Isiyo na Lamu

Nimeumba dunia ya maji matupu.
Haina bara, haina kisiwa, haina majira:
jua nimelisimamisha juu ya ikweta
kama taa ya ukumbini isiyozimwa.
Kompyuta inahema juu ya cherehani ya mama.

Famau, mtoto wa kaka, miaka tisa,
anainamia kioo: "Shangazi, Lamu iko wapi?"
Haipo.
"Na Nairobi?"
Nayo haipo. Hilo likamfurahisha.
"Basi haya mawingu yanamnyeshea nani?"

Nikamwambia: dunia ya kweli ni ukumbi wa harusi,
wote wanasema kwa pamoja, humsikii mmoja.
Nimewatoa nje wote,
nimelibakiza wingu, tuzungumze faragha.

Kisha nikalifanyia ubaya.
Nikaliacha lielee, linyeshe,
ila miale ilipenye kana kwamba halipo,
lisirudishe mwanga juu, lisizuie joto chini.
Usiku kucha mashine ikahesabu.
Alfajiri, mkanda wa mvua
uliofungwa kiunoni mwa dunia kama kibwebwe
ulikuwa umechanika vipande viwili.

Kumbe wingu halikuwa mpita njia.
Waliosema dalili ya mvua ni mawingu
walisema nusu. Ni dalili,
na ni mkono unaofunga kibwebwe.

Nikapanda darini mbio kumwambia mama.
Ameanika maembe ya achari, sinia nne,
vidole vyekundu kwa pilipili.
Upande wa Shela, wingu moja
jembamba, kama utandu wa maziwa.

"Leo yua litatoka?"
Sijui, mama.
"Miaka sita chuo kikuu, na yua huliyui?"

Nikalitazama. Katika dunia yangu
mraba mmoja una upana wa maili mia na zaidi.
Wingu hili lingepotelea pembeni mwake,
na Manda, na Pate, na sinia zote nne.
Mawingu madogo siyaoni kule; nayakisia
kwa namba moja, niliyoichagua mwenyewe
Jumanne moja, nikiwa na njaa.

Sikumwambia hilo.
Nilimweleza habari ya kibwebwe, akasikiliza,
akasema "ehee," akainuka,
akasogeza sinia mbili chini ya makuti.
Mbili akaziacha wazi.

Nikashuka, nikafungua daftari,
nikaandika: mbili kwa mbili.
Famau alikuwa amekalia kiti changu,
ananitafutia Lamu.