Umebadilisha Nini?

Fomu ilitaka jina la mradi.
Nikaandika: Mihayo.
Ikataka maelezo, maneno yasiyozidi hamsini.
Nikaanza: ni karani wa simuni, anajibu wauza dagaa,
bei ya sado Kirumba, bei ya gunia Igombe,
usiku upi mbalamwezi itawalaza wavuvi nyumbani,
nikahesabu, nikakata, nikahesabu tena,
kama mama anayemfungia mwanawe sanduku la bweni
na godoro limeshaziba mlango.

Watumiaji wangapi kwa siku?
Nikaandika elfu moja.
Nikaona haya, nikafuta sifuri.
Kisha nyingine.

Hapa Mabatini nyumba zimeng'ang'ania mawe
kama kupe kwenye nundu,
na modemu yangu haishiki mtandao
mpaka niiweke juu ya kabati, ndani ya sufuria,
iitazame Bugando.
Miezi saba Mihayo ameishi kwenye kompyuta hii
ambayo kitufe chake cha H kimekufa.
Kila alipotaka kusema "hapana"
niliazima H kutoka neno jingine,
nikaipachika.

Sasa anahama.
Anakwenda kupanga chumba kwenye seva ya watu nisiowajua,
huko ambako mashine, nasikia, hulazwa kwenye baridi
kama sangara wa kiwandani.
Kodi dola tano kwa mwezi.
Mwenye nyumba hakuuliza kabila, hakuuliza mdhamini,
aliuliza namba ya kadi.

Saa saba usiku nikabonyeza Wasilisha.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Umeme ukakatika.

Nilikaa dirishani nikihesabu taa za wavuvi ziwani,
nikafika arobaini na moja, nikapotea, nikaanza upya.
Uliporudi, barua ilikuwa inasubiri:
Imekataliwa. Faili moja halipo.
Nikalitafuta faili. Nikatuma.
Imekataliwa. Mstari wa tisini na sita.
Koma. Koma moja, jamani,
ndogo kuliko jicho la dagaa.
Nikatuma.

Alfajiri, rangi ya kijani:
Mradi wako uko hewani.
Sikupiga vigelegele. Kulwa wa chumba cha pili ni mlinzi,
ndiyo kwanza alikuwa anavua buti.

Saa mbili kasoro ikaingia namba ngeni,
jina Mama Holo, Igombe.

Mwangaluka.

Mihayo akajibu bila kupepesa:
Samahani, sijaelewa. Andika 1 kwa bei,
2 kwa mwezi, 3 kwa malalamiko.

Mwangaluka.

Samahani, sijaelewa. Andika 1 kwa bei...

Kimya kirefu. Kisha:
Wewe ni mtoto wa nani?

Nilifunika uso kwa kanga.
Maswali mia mbili na kumi na mawili nilikuwa nimemfundisha,
hata la dagaa walionyeshewa mvua uanikaji,
hata la gunia lililojazwa mchanga chini,
na sikumfundisha kuamkia.
Ningesingizia kitufe. "Habari" ina H, "hujambo" ina H,
"shikamoo" nayo imeificha tumboni.
Lakini "mwangaluka" haina.

Nikamtoa chumbani hata siku ya kwanza hajaimaliza.
Uji ukapoa. Nikaazima H kumi na nne,
nikaandika mwangaluka, mwadila, mambo, za asubuhi,
na la kumjibu mkubwa, na la kumjibu mtoto,
na la kumjibu asiyetaja umri.
Nikarudi kwenye fomu.

Umebadilisha nini?

Nikaandika: adabu.

Saa nane mchana Mama Holo akarudi.
Labda alikuwa na shida ya bei. Labda alikuja kutukana.
Mwadila, akaandika.
Mwadila mayu. M'ola?

Ile H moja ilikuwa imenitoroka.
Nilishika meza.

Mhola, akasema. Akamsahihishia hapo hapo.
Haya, sado shilingi ngapi?

Mihayo akampa bei ya jana.
Mama Holo akamrekebisha tena, polepole,
maana sasa alikuwa mtoto wa mtu.