Nakala ya Shangazi Yaledi

Nakala hamsini, zimefungwa kwa kamba ya katani,
nilizipokea dukani kwa Mbijili, nyuma ya soko la Majengo,
zingali na joto la mashine, kama mikate.
Nikanusa gundi. Nikajiona mwandishi.

Jumamosi nikampelekea shangazi, kule Mvumi,
kitabu cha mlenda wake:
aina kumi na nne, kurasa arobaini na nane,
na jina lake jaladani kwa herufi za dhahabu
alizonishauri Mbijili, nami nikaongeza hela.

Hakukisoma. Alikipa kazi.

Alikifungua juu ya kigoda, kando ya mafiga.
Kikajifunga.
Akakifungua, akakikandamiza
kama mtoto anayekataa kunyolewa.
Kikajifunga tena, pa!
Akachukua mchi wa kinu, akaulaza juu yake.
"Kitabu gani hiki," akasema, "kinachotaka mlinzi?"

Nikaandika kiganjani: mgongo. Uzi, si gundi.

Halafu dole gumba.
Miezi saba nimepanga kurasa usiku
na sikuwahi hata mara moja kufikiria dole gumba.
Pambizo nilizibana niokoe karatasi,
nikajaza maneno hadi ukingoni
kama anayesia uwele asipunguze miche:
mabua tele, masuke hakuna.
Dole lake likatua juu ya neno "magadi",
na mlenda ukaiva bila magadi.
Tuliula. Haukuteleza.

Moshi ulipopanda
akausogeza ukurasa mbali, akaurudisha karibu,
akatoka nao hadi juani.
"Hizi ni herufi au chawa?"
Nami nilizipenda zile herufi!
Nyembamba, zenye vimikia,
nilizichagua nikiwa mezani, chini ya taa, nimeshiba.

Picha ndizo zilizoniumiza.
Kwenye simu zilikuwa kijani cha Februari.
Kwenye karatasi ni madoa kumi na manne meusi,
na shangazi, aliyenifundisha majani yote hayo,
akauliza kwa upole, "Ilende ni doa lipi?"

Chilewa, mjukuu wake, yuko darasa la sita,
akacheka mpaka akakaa chini.
Akachuma jani uani, akalipaka masizi ya sufuria,
akaligandamiza kwenye ukurasa mtupu wa mwisho.
Lilipobanduka ilibaki mishipa yote,
na tundu la kiwavi, na kikonyo.
Sikumsifu. Nilikuwa na wivu.

Jioni shangazi akanawa, akanionyesha kidole:
"Tazama, jina langu limehamia huku."
Dhahabu.

Nakala arobaini na tisa ziko chini ya kitanda changu.
Hiyo moja nilimwomba anirudishie,
akanipa kwa masharti ya kuletewa nyingine.

Leo iko mezani kwa Mbijili.
Ukurasa wa tisa umegandana na wa kumi,
karanga zimeingia kwenye mshono,
jalada linanuka moshi wa mkole.
"Mashine yangu haina kosa," ameanza mapema.
Najua. Kosa ni langu, nimekuja nalo.
Akalishika kwa ncha za vidole, akasogeza kapu la taka:
"Basi hiki tukitupe?"

Ngoja kwanza, nikamwambia. Lete rula.
Nikamwonyesha alama ya mafuta pembeni mwa ukurasa wa tano,
pana, ya mviringo, yenye kovu la kisu katikati.
Pima hapa.
Pambizo iwe upana wa hili.