Saa Moja ya Kungoja

Saa kumi na moja, Pasua bado giza.
Kidonge cha tezi kwanza, kwa maji matupu,
si kwa chai, si kwa maziwa.
Nesi Aikande alirudia mara tatu
kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Kisha nakaa.
Mtori wa jana uko jikoni
nami nauangalia kama mdeni.
Nahesabu dakika kwa Kibo,
inayovua wingu taratibu,
upande mmoja kwanza, kama mtu mwenye bega bovu.

Kidonge cha presha zamu yake bado.
Kimelala kwenye kibweta cha marehemu mama,
aliyefunika rovu lake kwa kitenge miaka yote,
akasema ni nyama tu, ya ukoo.

Mwaka jana nilikiacha. Nilisema, kimoja kinatosha.
Kiboriloni sokoni kichwa kikanigonga kama mlango wa polisi,
nikaketi chini katikati ya mikungu ya ndizi,
mteja akadhani nimesusia bei.
Akaongeza mia mbili.

Kumi na mbili kamili.
Nawasha jiko.
Shingo yangu i wazi, baridi inaipapasa,
na kovu, lile jembamba,
leo sikulitafutia kitambaa.