Uniti za Ndekirwa

Usiku wa kwanza Pasua tulilala kwa mshumaa.
Mita ililia ukutani kama kifaranga kilichofungiwa nje,
ti, ti, ti,
Mwanaidi akauliza, nyumba hii ina njaa ya nini?

Asubuhi nikanunua umeme wa elfu tano.
Ujumbe ukaingia: tarakimu ishirini, nne nne,
kodi ya jengo imeshakatwa kabla sijawasha hata taa,
na juu kabisa, kwa herufi kubwa,
NDEKIRWA A. LYATUU.
Si mimi.
Nikasoma, mtoto akabonyeza,
tukakosea ya kumi na saba, tukaanza upya.
Friji ikaguna.
"Ahsante, Ndekirwa," Mwanaidi akaliambia dari.

Maji yalikuwa kesi nyingine.
Nilikaa benchi ya ofisi tangu saa mbili
na barua ya mtaa, muhuri umevuja wino,
picha mbili ndogo ambazo ndani yake nimenuna,
mkataba wa pango ulioandikwa kwa mkono,
herufi zote zikiegemea kushoto
kama migomba iliyopigwa na upepo.
Dada wa dirishani akabofya. Akatazama. Akabofya tena.
"Inadaiwa elfu arobaini na saba na mia tatu."
Nikamwambia, nimehamia juzi.
"Mita haijui juzi, mama."

Mwenye nyumba yuko Tanga. Simu yake huita mpaka ikachoka.
Nje, kijana wa kofia ya sufu akanifuata hadi ngazini:
kumi na tano tu, mama, leo leo usiku,
nani atajua?
Kishoka. Spana inachungulia mfukoni.
Sitasema sikupiga hesabu.
Nilipiga. Nilipiga hata nilipokwisha kumpa mgongo.

Wanasema dawa ya deni ni kulipa.
Hawasemi deni la nani.
Nimelipia maji nisiyoyanywa,
ya kuchemshia ndizi, ya kusuuzia masufuria,
ya kufulia mashuka ya mtu
nisiyejua kama alikuwa mrefu au mfupi.
Risiti nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye sidiria
mahali pa pesa yenyewe.

Saa kumi fundi Kileo alikuja na baiskeli,
akafungua kufuli, akazungusha tepu nyeupe,
akanung'unika juu ya kazi ya fundi aliyemtangulia
kama wanavyonung'unika mafundi wote duniani.
Bomba likakohoa.
Likatema kutu, likatema konokono mdogo,
likanyamaza,
halafu likatoa maji meupe kama tui,
na baridi yake, jamani,
baridi inayokukumbusha yametoka juu huko
hata siku mlima umejifunika.

Mama Haikaeli alikuwa ng'ambo ya masale, ameshika jembe.
"Yamerudi?"
Yamerudi.
"Ndekirwa aliyapenda ya moto kidogo,
si ya kuunguza. Miezi minane kitandani.
Wifi yake alimwogesha asubuhi, mchana, usiku,
na mashuka kila siku, kila siku.
Nadhani walisahau kuna bili."
Akarudi kupalilia maharage yake.
Mimi nikabaki na ndoo imejaa, inamwagika,
sikuifunga koki kwa wakati.

Gesi ilikuwa rahisi: rejeta, povu la sabuni kwenye kiungo,
kusubiri kama kuna pumzi.
Hakuna.

Fomu ya kubadili jina iko mezani, chini ya kibiriti.
Nimejaza yote, hadi namba ya kiwanja.
Kwenye SABABU nimeweka nukta,
peni ikakauka, au nimesema imekauka.

Jumamosi uniti ziliisha tena.
Mwanaidi siku hizi haningoji nimsomee.
Anapanda kwenye stuli, simu mkononi,
analitamka jina kwanza, lote, na A ya katikati,
ndipo anaziendea namba.