Bua Lililogeuza Kichwa

Shangazi Masengo hukata nyasi za fagio
ng'ambo ya mto Kafubu, pale Lubumbashi inapochoka kuwa mji.
Leo mundu wake umesita.
Kwenye bua moja, povu lililokauka,
rangi ya biskuti, fupi kuliko kidole gumba.
"Hilo liache. Ni nyumba ya vunjajungu."
Tumekata pande zote, bua likabaki limesimama
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Mama yao alilipiga povu hilo mwezi wa Mei,
kichwa chini, kwa ncha ya tumbo,
akikoroga ute na hewa kama anayepiga mayai ya keki.
Akaenda zake. Hakurudi kuangalia.
Sakitu ya Juni ilipita bondeni.
Nyigu mwembamba naye alipita na sindano yake,
akataga ndani ya mayai ya mwenzake.
Agosti moto wa wawinda panya
ulikula nyika yote hadi ukingo wa njia,
ukasimama hapo. Hatujui kwa nini.

Mvua ya kwanza ikinyesha watatoka,
wakining'inia kwenye nyuzi, mia hivi, laini,
na kuliwa kutaanza papo hapo:
chungu, buibui, ndugu.
Mmoja atavuka njia, aingie upande ulioungua,
kijani mtupu juu ya masizi,
kila ndege akimwona.
Akiishi siku hizo chache atavua ngozi,
na atakayetoka humo ni mweusi,
mweusi kama ule mlima wa mabaki ya shaba
tunaouona kutoka hapa, na bomba lake refu.
Nani humwambia? Masengo hajui.
Mimi nilisoma, nami sijui.

Wa zamani walisema: ukimgusa, utavunja chungu.
"Siku hizi tunasongea bukari kwenye alumini,"
anasema, akifunga mzigo, "avunje tuone."

Lakini mwaka jana, soko la Kenya,
mteja alishika fagio, akaanza kupunguza bei,
na bua moja kati ya mabua
likageuza kichwa, likamtazama.
Macho mawili, kila moja na nukta nyeusi
inayokufuata popote usimamapo.
Yule mama alipiga kelele,
chupa ya mawese ikamponyoka.

Masengo aliilipa.
Yule bua alimrudisha Kafubu kwa miguu,
ndani ya kitambaa cha kichwani,
akitembea polepole, kama aliyebeba jungu.